Kushuka Kibirizi kwa Baiskeli

Wengi wenu mnayo baiskeli nyumbani. Hubeba ndizi kwenda sokoni, hubeba mgonjwa kwenda zahanati, na wengine wetu tumebebewa bibi arusi juu yake. Bodaboda zimekuja, ni kweli, lakini petroli ina bei, na baiskeli haili kitu. Leo nataka mfuatane nami katika safari moja, kutoka vilima vya Kalinzi mpaka Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Sitawapa habari za njia tu. Nitawaeleza na jambo lililonipata, maana siku ile nilikuwa karibu kumwumiza mtoto wa watu, na kosa halikuwa la breki wala la barabara. Lilikuwa la mikono yangu mwenyewe.

Kwanza niwaambie Kibirizi ni mahali gani. Ukifika Kigoma kwa gari la moshi, utashuka katika stesheni ambayo ndiyo mwisho wa Reli ya Kati, reli iliyofika huko mwaka 1914. Toka hapo uelekee kaskazini ukifuata ufuko, na kwa mwendo wa miguu usiozidi saa moja utakuwa umefika. Huna haja ya kuuliza, pua itakuambia. Dagaa wameanikwa mchangani na juu ya vichanja. Akina mama wanawageuza jua liwapate pande zote. Kunguru wanangoja mtu asahau. Majini yamepangwa maboti ya mbao yenye mashine, yaendayo Mwamgongo na Kagunga, kule karibu na mpaka wa Burundi, yakipita Gombe penye hifadhi ya sokwe. Kwa watu wa ufuko ule boti ndilo basi lao. Hupakia saruji, sabuni, magodoro, mbuzi na watoto wachanga, vyote pamoja.

Basi hapo ndipo baiskeli zetu za milimani zinapokutana na maboti. Ndizi, maharage na mkaa hushuka. Dagaa na mawese hupanda. Na neno “kushuka” si la mchezo. Maji ya ziwa yako kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Kalinzi vinapita mita 1,500. Mtu atokaye huko na mzigo wake anateremka zaidi ya mita 700 kabla ya kuona boti. Barabara kuu ya Manyovu ina lami siku hizi, lakini lami haifiki mlangoni kwa kila mtu. Kutoka kijijini kwetu mpaka kuikuta ni njia ya mawe, mizizi na mifereji iliyochimbwa na mvua. Tena sisi wenye haraka twapenda njia za mkato.

Siku ninayoisema ilikuwa ya kiangazi. Dada yangu ameolewa Mwamgongo, naye alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mama akanifungia madebe matatu ya maharage katika gunia, akaweka na mkungu wa ndizi juu yake, akaniambia, “Mwanangu, boti lisikuache. Dada yako anangoja.” Boti lilikuwa la saa sita mchana. Nami ni karani, kazi yangu ni kalamu na vitabu. Baiskeli naipanda kwenda na kurudi kazini tu, mahali pa tambarare. Sikusema hivyo mbele ya mama. Nikapanda, nikaenda.

Mteremko wa kwanza niliushuka kama watu wengi wanavyofanya. Nilikaza usukani kwa mikono yote miwili, nikafunga breki toka juu mpaka chini bila kuziachia, na kifua nikakiegemeza mbele, maana mzigo ulikuwa ukinisukuma mgongoni. Kila jiwe lilipiga tairi, tairi likapiga usukani, usukani ukanipiga mimi. Nilipofika bondeni nilisikia joto katika vigasha. Kigasha ni ile sehemu ya mkono toka kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Sikujali. Mteremko wa pili vigasha vilikuwa vigumu kama mti, na vidole viwili vya mwisho, kidole cha pete na kile kidogo, vikaanza kufa ganzi. Nikajiambia, mwanamume ni kuvumilia. Hata nilipoikuta lami nilikanyaga pedali bila kupumzika, nikapita Mwandiga mbio, nikihesabu dakika.

Karibu na mwisho wa safari nikaacha barabara, nikashika njia ya miguu inayokata mlimani kushuka ziwani. Ziwa nililiona, na maboti niliyaona. Mara akatokea mtoto wa miaka kama mitano, ndoo mkononi, akasimama katikati ya njia kunitazama. Nikafunga breki. Ndugu msomaji, vidole havikufunga! Nilivikaza kwa nguvu zangu zote, navyo vikalala tu juu ya vyuma vya breki kama si vyangu. Kwa bahati palikuwa na fungu la mchanga wa kujengea kando ya nyumba moja. Nikageuza usukani kwa viwiko, nikaingia mchangani, nikaruka upande wangu na baiskeli upande wake. Gunia likapasuka.

Mama wa mtoto akatoka nyumbani. Nilingoja matusi, maana niliyastahili. Hakunitukana. Alimpeleka mtoto ndani, akarudi na ungo, akainama, akaanza kuokota maharage pamoja nami, punje moja moja. Ningefurahi zaidi kama angenitukana. Tulipomaliza kufunga gunia, boti la Mwamgongo lilikuwa limekwisha kugeuza mgongo. Nililala Kibirizi usiku ule, na dada yangu akapata mzigo wake kesho yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana faida ya safari hii ndiyo inaanza hapa. Jioni ile nilipeleka baiskeli kwa fundi, mzee mmoja aliyekaa chini ya mwembe na kopo lake la nati na gololi. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akaitikia, kisha hakutazama baiskeli kwanza. Akasema, “Nyosha mkono.” Akabonyeza kigasha changu kwa dole gumba, nami nikaruka kwa maumivu. “Huu si mkono,” akasema, “huu ni mpini wa jembe.” Ndipo akazijaribu breki, akacheka. “Breki zako nzima, mwanangu. Aliyekatika ni wewe.”

Mzee yule alikuwa amebeba mizigo kwa baiskeli miaka mingi katika ujana wake. Akanionyesha ufukweni, ambako vijana walikuwa wakivuta kamba ya chombo kukileta nchi kavu. “Tazama mikono yao,” akasema. “Huu unakamata, ule unafunguka na kwenda mbele. Kisha ule unakamata, huu unafunguka. Wangekamata kwa mikono yote miwili bila kuiachia, chombo kisingesogea, nao wangechoka bure. Wewe ulifumba mikono toka milimani. Ulitegemea nini?”

Baadaye nilimwuliza mganga wa zahanati, naye akanieleza sababu, nami nawaeleza kwa maneno mepesi. Vidole havina nguvu zao vyenyewe. Misuli inayovifunga imekaa katika kigasha, na imevikwa utando mgumu usiotanuka sana, kama kisu ndani ya ala yake. Msuli ukifanya kazi huvimba kidogo kwa damu. Ukilegea, damu iliyochoka hutoka na damu mpya huingia. Lakini ukiukaza mfululizo, mishipa ya damu inabanwa. Damu inapita kwa shida, msuli unavimba ndani ya ala yake, unakuwa mgumu na kuuma, na mwishowe unakataa kazi. Tena mtikisiko wa mawe huufanya mkono ukaze zaidi bila mwenyewe kujua. Na ile ganzi ya vidole viwili ni jambo lingine: mshipa wa fahamu upitao kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo, unagandamizwa na usukani mtu anapouegemea kwa uzito wake.

Basi shida yenyewe ni mkono uliokazwa bila kufunguliwa, na dawa zote nitakazotaja zina nia moja, yaani kuupa mkono nafasi ya kufunguka.

Dawa ya kwanza ni miguu. Unaposhuka penye mawe, weka pedali zako sawasawa, moja mbele na moja nyuma, usimame juu yake kidogo, makalio yaguse kiti tu au yaachane nacho. Magoti na viwiko vikunjwe kidogo. Uzito wako ubebwe na miguu, maana miguu ndiyo iliyoumbiwa kubeba. Mikono iongoze tu. Jaribu hivi: ukiwa umesimama juu ya pedali, je, waweza kuchezesha vidole vyako juu ya usukani bila kuanguka mbele? Ukiweza, umekaa vema. Usipoweza, ungali umeegemea mikono.

Dawa ya pili ni namna ya kufunga breki. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Mkono wa mwendesha baiskeli unashika mbili kweli, usukani na breki, kwa hiyo ugawe kazi. Vidole viwili vitoshe kwa breki, vingine na dole gumba vikae na usukani. Punguza mwendo kabla ya kona na kabla ya mawe, mahali palipo sawa. Funga breki zote mbili kwa nguvu ya kutosha kwa muda mfupi, kisha legeza, damu ipite, halafu funga tena. Usifunge ya mbele peke yake kwa ghafula, utarushwa. Na hapa mzee alinipa kipimo ambacho sijakisahau: ukiona huwezi kulegeza breki hata kidogo bila baiskeli kukimbia, huo si mteremko wa kuendesha. Shuka, usukume. Hakuna aibu. Mwenye madebe matatu ya maharage nyuma yake hashindani na mtu.

Dawa ya tatu ni baiskeli yenyewe. Kaa juu ya kiti, weka vidole juu ya breki, utazame mkono wako. Kigasha, kifundo na vidole viwe mstari mmoja. Kifundo kikipinda kwenda juu au chini, mwombe fundi ageuze usukani au breki mpaka kinyoke. Breki ziwe karibu na vidole, usilazimike kuzifuata mbali. Mipini ikiwa imekwisha, zungushia ukanda wa tyubu kuukuu, lakini usizidishe, maana mpini mnene sana huchosha mkono kuliko mwembamba. Tazama na upepo: tairi lililojazwa likawa jiwe hurusha kila kokoto mpaka mabegani, likilegea mno na mzigo upo, tyubu itatobolewa na rimu. Na ninyi mnaobeba mawese, futeni rimu zenu. Tone moja la mafuta penye rimu hufanya raba za breki ziteleze, na mkono utajiua bure kwa kukaza. Kadhalika siku ya mvua, rimu ya chuma ikilowa breki hushika kwa uvivu. Anza kufunga mapema. Mzigo nao uukaze sana, uwe chini kadiri iwezekanavyo, usiyumbe.

Dawa ya nne ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo tunayoikataa: kupumzika kabla ya maumivu. Usingoje vigasha viwe mti. Mwisho wa kila mteremko simama, acha mikono ining'inie, ikung'ute, fumba na kufumbua vidole mara kumi. Kisha nyosha mkono mmoja mbele, kiganja kikitazama mbele na vidole juu, uvivute vidole taratibu kuja kwako kwa mkono wa pili, uhesabu mpaka ishirini, bila kulazimisha. Kunywa maji. Mteremko wa kwanza wa siku uushuke polepole kuliko yote, mikono ipate moto kwanza. Na kama hujapanda baiskeli kwa muda mrefu, anza na safari fupi; usifanye kama karani.

Labda mtasema, haya ni matatizo ya maskini wenye baiskeli nzito. Sivyo. Mwaka 1976, huko California, Marekani, vijana walianza kushindana kushuka na baiskeli nzee katika njia moja ya mlimani karibu na mji wa Fairfax, inayoteremka karibu mita 400, kama nusu tu ya mteremko wetu. Baiskeli zile zilifungwa breki kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Habu ya nyuma ilipata moto hata grisi ikaungua na kutoa moshi, wakawa hawana budi kuifungua na kuijaza grisi mpya. Kwa sababu hiyo njia ile ikaitwa Repack, maana yake kujaza tena. Baadaye wakatia breki za mkono, na moto ukahama kutoka habu ukaingia vigashani! Mpaka leo washindani wa baiskeli za milimani wanalalamika juu ya vigasha vinavyojaa na kuwa vigumu, ingawa baiskeli zao zina springi mbele na breki za mafuta zinazofungwa kwa kidole kimoja.

Na jirani zetu wa Goma, katika Kongo, kando ya Ziwa Kivu, wao wanacho chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, hakina pedali wala kiti, nacho hubeba magunia kutoka milimani. Breki yake wengi huifanya kwa kipande cha mpira penye gurudumu la nyuma, hukikanyaga kwa mguu. Mikono inabaki na kazi moja tu, ya kuongoza. Mjini kwao imesimamishwa sanamu kubwa ya mchukuzi wa chukudu, na nadhani mchukuzi yule anastahili.

Jambo moja zaidi, nalo si la kuchezea. Maumivu ya kukaza huisha mtu akipumzika. Lakini ganzi ikidumu siku kadhaa, au ukiona vitu vinakuponyoka mkononi, nenda hospitali. Na mtu akianguka, kisha kigasha kikavimba na kukaza, maumivu yakazidi badala ya kupungua, na akinyoshwa vidole apige kelele, msimkande kwa maji ya moto na kungoja asubuhi. Apelekwe siku ile ile. Mkono unaweza kupotea kwa saa chache.

Sasa nimalizie safari yangu. Miezi miwili baadaye mama alinituma tena kwa dada, safari hii madebe mawili, maana nilimwomba apunguze. Nilitoka alfajiri. Nilisimama kila bonde, nikakung'uta mikono, watoto wa shule wakanicheka wakidhani nafukuza nyuki. Mteremko wa mwisho, ule wa mkato, nilishuka na kusukuma. Nilipopiga hesabu, vituo vyote pamoja vilinichukua kama nusu saa. Mara ya kwanza nilikataa kupoteza nusu saa, nikapoteza siku nzima.

Kabla ya kwenda kwenye boti nilibisha hodi katika ile nyumba ya karibu na fungu la mchanga, nikampa mama wa mtoto vibaba vinne vya maharage. Mtoto alitoka na ndoo yake ile ile, akatazama baiskeli, kisha akatazama mikono yangu. Nikamfumbulia vidole vyote kumi. Akacheka, akakimbilia ziwani. Boti lilikuwa bado lipo, na nahodha alikuwa bado anakunywa chai.

Wazazi mnaowatuma vijana sokoni kwa baiskeli, wasomeeni haya jioni, kisha mtazame breki zao pamoja. Mkipita Kibirizi, wasalimieni wale wavuta kamba.